UZI: Mama anasoma vizuri barazani, akiingia ndani haoni kitu. Hadeki, ni mboni. Tuelimishane

#1 Mleta uzi

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni.

Uzi utakuwa mrefu naomba mnivumilie, hili jambo nimekaa nalo tangu mwaka jana na kila nikitaka kuliandika naona halienei kwenye mistari miwili. Mimi ni fundi miwani, nakata lenzi na kuzifunga kwenye fremu, mwaka wa 19 huu niko kwenye kazi hii hapa Dar, kwaiyo macho ya watu wazima ndo ugali wangu.

Mama yangu mzazi ana miaka 71, anakaa Korogwe. Mwaka jana walimpeleka kupima macho sehemu moja, sitaitaja. Ilikuwa saa tano asubuhi, chumba cheupe, madirisha wazi, tyubu zinawaka juu, wakamkalisha mbele ya ubao wa herufi akashuka nao mpaka mistari ya chini huko, wakamwambia bibi macho yako mazima kabisa, ni umri tu. Sawa. Karudi nyumbani, saa moja jioni anajikwaa kwenye kizingiti cha jikoni anaanguka. Kuchambua mchele ndani hawezi tena, mawe na punje vyote anaona sawa. Ndugu zangu wakaanza maneno, mbona barazani anasoma gazeti, mbona walipompima wamesema mzima, mama anadeka tu anataka watu wakae karibu yake. Hilo neno "anadeka" liliniuma sana wakuu. Nikaomba ruhusa kazini nikaenda kukaa naye siku nne.

Nilichofanya ni kitu kidogo. Alikuwa na boksi la dawa zake za presha, lile lenye maandishi madogo ubavuni. Saa kumi jioni barazani, kavaa miwani yake ya kusomea, akanisomea mpaka tarehe ya mwisho wa matumizi. Tukaingia sebuleni, balbu moja iko katikati ya dari na yeye kakaa kaipa mgongo, miwani ile ile, boksi lile lile, akalisogeza mbali, akalileta karibu, akasema mwanangu maandishi yameingia ukungu. Nikawasha tochi ya simu nikaishika pembeni ya bega lake, imulike boksi isimpige machoni. Akasoma yote, jina la kiwanda na namba zake. Kaka yangu alikuwa kasimama mlangoni anaangalia, hakusema neno.

Sasa pale nini kilibadilika? Miwani ni ile ile na jicho ni lile lile. Kilichobadilika ni mwanga, na mwanga ukibadilika mboni nayo inabadilika.

Mboni ni lile duara jeusi katikati ya jicho. Watu wengi wanadhani ni kitu, kumbe ni tundu, unaliona jeusi kwasababu ndani kuna giza. Tundu hilo lina misuli miwili ndani ya ile sehemu yenye rangi, mmoja umezunguka kama kamba ya mdomo wa mfuko ukikaza unabana, mwingine umekaa kama miali ya jua ukikaza unavuta kwenda nje tundu linapanuka. Kijana wa miaka 20 ukimuweka gizani mboni yake inafika milimita 7 mpaka 8, ukimtoa juani inashuka mpaka kama 2. Umri ukienda mboni inakuwa ndogo muda wote na gizani haifunguki kama zamani, mtu wa miaka 80 mara nyingi haivuki 5. Barry Winn na wenzake kule Uingereza mwaka 1994 walitoa vipimo vya watu 91 wa kuanzia miaka 17 mpaka 83, wakakuta mboni inapungua kwa mstari ulionyooka kadri umri unavyopanda, kwenye kila kiwango cha mwanga walichojaribu, na hakukuwa na tofauti ya mwanamke na mwanaume wala ya rangi ya macho.

Piga hesabu ndogo. Mwanga unaoingia unafuata eneo la tundu, sio upana wake. 7 mara 7 ni 49, 5 mara 5 ni 25. Yani milimita mbili tu zimepungua na nusu ya mwanga imeondoka. Hapo bado lenzi ya ndani ya jicho nayo inazidi kuwa nene na kugeuka njano, inakula mwanga wake pia. Ukijumlisha vyote, kinachofika kwenye retina (ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha) ya mtu wa miaka 60 ni kama theluthi ya kinachofika kwa kijana wa 20 kwenye chumba hicho hicho na balbu hiyo hiyo. Sasa wewe kijana unamwambia mzee "mbona taa inawaka". Inawaka kwako.

Naendelea hapo chini, kuna upande wa pili wa hii habari na ndo ulionifanya niandike.

#2 Mleta uzi

Upande wa pili ni huu, hiyo mboni ndogo inayomnyima mzee mwanga ndo hiyo hiyo inayomsaidia aone vizuri mwanga ukiwepo.

Fanyeni jaribio. Chukua kipande cha boksi gumu, toboa kwa sindano tundu moja dogo safi, vua miwani yako, ziba jicho moja, weka tundu karibu kabisa na jicho lingine, angalia maandishi ambayo bila miwani huyaoni. Utayaona. Yatakuwa na giza kidogo ila yamekaza. Kwenye vyumba vya kupimia macho kuna kibao cheusi chenye vitundu vya milimita moja na kidogo, kinafanya kazi hiyo hiyo, ukiona vizuri kupitia tundu maana yake tatizo lako kubwa ni la miwani.

Sababu yake ni kwamba jicho likiwa halijafokasi sawasawa, kila nukta inaangukia kwenye retina kama doa, na upana wa doa unafuata upana wa mboni. Mtu anayepungukiwa plasi 1 (plasi ni namba ya nguvu ya miwani), mboni ikiwa milimita 6 doa linakuwa na upana wa kama dakika 20 (dakika za nyuzi wakuu sio za saa, nyuzi moja ina dakika 60). Mboni ikiwa milimita 2 doa linashuka mpaka kama dakika 7. Kwenye ule ubao wa herufi mstari wa 6/6 (ule wa mtu anayeona kawaida) unene wa mkono mmoja wa herufi ni dakika 1, kwaiyo doa kupungua mara tatu sio jambo dogo. Ndo maana mama juani barazani, mboni imebana, hata miwani yake ikiwa imepitwa na wakati bado anasoma.

Halafu kuna kasoro nyingine ambazo miwani haizigusi kabisa, na hizi ndo zinaongezeka na uzee. Jicho lina vioo viwili, konea mbele na lenzi nyuma ya mboni. Konea ya mwanadamu kwa kawaida mwanga unaopita pembezoni mwake unaupinda zaidi kuliko unaopita katikati, haukutani pamoja. Lenzi ya kijana ina kasoro kama hiyo ila imegeuka upande wa pili, kwaiyo zinafutana, moja inapunguza ya mwenzake na picha inatoka safi. Pablo Artal wa Chuo Kikuu cha Murcia, Uispania, na wenzake walilionyesha hili vizuri mwaka 2002, kwamba umri ukienda konea inabadilika kidogo tu lakini lenzi inabadilika sana, maana lenzi haiachi kukua maisha yako yote, inaongeza tabaka juu ya tabaka kama kitunguu, na ule usawa wa kufutana unavunjika. Nilivyoelewa hapo nilikaa kimya kwa muda. Vioo viwili vibovu vilivyokuwa vinasitiriana miaka arobaini, mmoja akabadilika, wa pili akabaki na kasoro yake wazi.

Na hii kasoro ya pembezoni inapanda vibaya sana mboni ikifunguka. Haipandi mara mbili ukizidisha upana mara mbili, inapanda kwa nguvu ya nne. Toka milimita 3 mpaka 6 ni mara 16. Kwaiyo fikiria mzee wa 75 angekuwa na mboni ya kijana, milimita 7 usiku, mwanga ungeingia ndio lakini ungepita kwenye pembezoni za lenzi iliyochoka na kila taa ingekuwa nyota yenye manyoya. Sisemi mwili umepanga, nasema matokeo yake ndo hayo, mboni inavyobana inaziba zile pembe mbovu.

Ila kubana nako kuna mwisho. Tundu likiwa dogo sana mwanga wenyewe unaanza kusambaa ukipita, wanafizikia wanaita difraksheni, na ukifika milimita 1 hata jicho zima kabisa linaona ukungu. Campbell na Gubisch walipima huko Uingereza wakaandika mwaka 1966 kwamba picha safi zaidi wanaipata mboni ikiwa milimita 2.4. Ukishuka chini ya 2 unapoteza, ukipanda juu ya 3 unapoteza.

Kwaiyo msimamo wangu ni huu, jicho la mtu mzima ni jicho la mchana. Ukilipima mchana kwenye chumba cheupe unalipima likiwa kwenye hali yake nzuri kuliko zote, halafu unampa cheti akaishi nacho usiku.

#3 Mpiga picha wa Arusha

Mkuu umenifungua, hii ni apacha ya kamera kabisa, lile tundu la kupitisha mwanga. Lenzi ya bei rahisi ukiifungua yote pembeni zote zinavimba, ukiibana mpaka f/8 inakaza kama ya bei mbaya, ukiendelea kubana mpaka f/22 inaanza kulegea tena. Siku zote nafundisha vijana hivo na sijawahi kufikiria kwamba ninayo mbili usoni. Nina 46 na nimeona nikitazama picha kwenye simu juani naona hata bila miwani, nilidhani macho yananirudia.

#4 Mleta uzi

Mkuu ni hiyo hiyo. Tofauti moja nzuri, jicho lina kitu kamera haina. Stiles na Crawford waligundua mwaka 1933 wakiwa wanapima mambo ya mboni kwamba mwanga unaoingia kupitia pembezoni mwa mboni retina inauhesabu kidogo kuliko wa katikati, kwasababu vile vipokezi vya mchana vimeelekea katikati kama vimirija. Kwaiyo ule ubaya wa pembezoni unapunguzwa makali kiasi. Lakini kwenye giza zito vinavyofanya kazi ni vipokezi vingine na huo msaada unakuwa mdogo sana.

Na macho hayajakurudia kaka, hilo kubali mapema. Kuna kanuni wapimaji wanaitumia, 18.5 toa 0.3 mara umri, inakupa wastani wa nguvu ya lenzi kujivuta kwa vitu vya karibu, kwa kipimo kile kile cha plasi. Kwa miaka 20 unapata 12.5, kwa 46 unapata 4.7, kwa 60 inabaki 0.5. Na mtu hawezi kukaa anatumia yote muda wote, ni kama kubeba gunia ulilolimudu kwa hatua mbili. Kapime.

#5 Dereva wa usiku

Mimi naendesha fuso Dar Mbeya, nina 54. Shida yangu sio kusoma, shida ni gari ikija mbele na taa za kisasa zile nyeupe, akinipiga fulu naona pazia jeupe zima, na baada ya kunipita nakaa sekunde kadhaa sioni pembeni ya barabara kuna mtu au kuna ng'ombe. Zamani nilikuwa sipati hii. Stendi wanauza miwani ya njano wanasema ya kuendeshea usiku, nimenunua mbili tayari kwa nyakati tofauti. Inasaidia kweli au naliwa hela? Na mboni yangu si imekuwa ndogo, basi mwanga si ungepungua kuniumiza?

#6 Mleta uzi

Dereva pole na kazi, swali lako la mwisho ni zuri sana nianzie hapo.

Mwanga unaokupiga haukuumizi kwa wingi wake tu, unakuumiza kwa kutawanyika. Lenzi ya kijana ni kama maji ya chupani, ya mtu mzima ni kama maji uliyotia tone la maziwa. Mwanga wa ile taa ukiingia haundi taa tu kwenye retina, sehemu yake inamwagika kila mahali na kufunika vile vitu hafifu vya pembeni, yule mtu mwenye nguo nyeusi na yule ng'ombe. Hilo ndo pazia lako. Vipimo vinaonyesha mtu akifika miaka 65 huo mwanga wa kumwagika ni kama mara 2 ya wa kijana, akifika 77 ni kama mara 3, na hapo ni jicho ambalo halina mtoto wa jicho. Mboni ndogo haikuokoi maana inapunguza taa na ng'ombe kwa kiasi kile kile, uwiano unabaki ule ule. Na retina nayo ikishazeeka inachelewa kurudi kwenye giza baada ya kupigwa, hizo sekunde zako ndo hizo.

Miwani ya njano, hapana kaka. Mwaka 2019 huko Boston waliwaweka madereva kwenye mtambo wa kuigiza barabara ya usiku, wakiwa na miwani ya njano na bila, na kuwepo kwa taa za gari za mbele, wakaangalia nani anamuona mtembea kwa miguu mapema. Ya njano haikusaidia. Na ukiangalia tulichosema juu, wewe tayari unapata mwanga kidogo halafu unavaa kitu kinachopunguza tena. Ivue.

Kinachosaidia ni cha kawaida sana hata utasema ndo hiki tu. Kioo cha mbele cha gari kifute kwa ndani pia, ule utando wa mafuta na vumbi unatawanya mwanga kama lenzi iliyochoka. Miwani yako kama imechubuka ibadilishe, mimi naletewa lenzi zina mikwaruzo utadhani zimesuguliwa kwa mchanga na mtu analalamika macho. Usiangalie taa inayokuja, shika mstari wa kushoto kwako. Na upime macho ukisema mapema kwamba shida ni usiku, kuna watu mboni ikifunguka gizani wanapata maino kidogo (kutoona mbali vizuri) ambayo mchana haipo.

#7 Mama wa cherehani

Asante kwa uzi kaka. Mimi ni fundi cherehani, miaka 51, nina jambo linanitia aibu mbele ya wateja. Nimeshonea suruali nyeusi uzi wa bluu ya kiza mara mbili mwezi huu, jioni naona sawa kabisa, mteja anaitoa nje ananionyesha naona kweli ni bluu. Na kutunga uzi kwenye sindano ya mashine imekuwa vita. Nilikuwa na miwani ya plasi 2 ya barabarani nikanunua plasi 3 nikijua kubwa ndo nzuri, sasa sindano naiona nikiinama mpaka shingo inauma.

#8 Mleta uzi

Dada usione aibu, hiyo sio uzembe. Ile njano ya lenzi niliyosema inakula zaidi mwanga wa bluu. Bluu ya kiza ikikosa bluu yake inabaki nyeusi. Na balbu ya jioni ile ya mwanga wa manjano yenyewe inatoa bluu kidogo, kwaiyo umekosa mara mbili. Uzi wa rangi za giza chagua mchana mlangoni, ufunge pamoja na kitambaa chake kabla jua halijazama.

Kuhusu miwani, plasi sio dozi kwamba ukiongeza unapona zaidi. Plasi inakupangia umbali. Gawa 100 kwa namba ya plasi unapata sentimita, plasi 3 inakuweka kwenye sentimita 33, plasi 2 kwenye 50. Pima kwa tepu yako kutoka jichoni mpaka kwenye sindano ya mashine ukiwa umekaa sawa, nina uhakika iko kwenye 45 mpaka 50 huko. Basi plasi 3 ndo inayokuinamisha. Rudi kwenye 2, au kapimwe upate yako ya kweli kila jicho na lake, halafu tatizo litakalobaki limalize kwa taa na sio kwa plasi. Ukiweka taa nzuri karibu mboni inabana, na ikibana kile kipande cha umbali unaouona safi kinarefuka mbele na nyuma, sindano itaonekana hata ukisogea kidogo.

#9 Mdau wa Mombasa

Nimesikia kuna dawa ya matone, watia jichoni asubuhi wasoma bila miwani. Ni kweli ama ni maneno ya mtandaoni?

#10 Mleta uzi

Ni kweli ipo ndugu yangu. Marekani waliidhinisha mwezi wa 10 mwaka 2021 matone ya pilokapini kwa ajili ya macho ya kusomea. Na ukifuatilia uzi huu unaweza kujua mwenyewe yanafanyaje, yanabana mboni, basi. Ni lile tundu la sindano tulilotoboa kwenye boksi, limetengenezwa kwa dawa. Lenzi yako haijalainika wala haijarudi ujana.

Kwaiyo faida na hasara ni zile zile. Mchana unasoma, jioni dunia inafifia, kuendesha usiku ni hatari, wengine kichwa kinauma kwenye nyusi. Na wameonya kuhusu retina kuchanika au kubanduka, hasa kwa wenye maino kubwa. Pilokapini ni dawa ya zamani sana ya presha ya jicho, unaweza kuikuta duka la dawa, naomba sana mtu yeyote asisome hapa akaenda kujinunulia akajitia.

#11 Mjukuu

Mbona babu yangu ni kinyume kabisa na ulichosema? Yeye juani ndo haoni, anasema mwanga unamfunga. Ukimkalisha kivulini chini ya mwembe anaona hadi mjusi ukutani. Ana kisukari miaka mingi.

#12 Muuguzi wa macho

Naomba nijibu hili, nafanya kliniki ya macho.

Mjukuu, hiyo ya babu yako isikae nyumbani. Kuna aina ya mtoto wa jicho inayoanzia nyuma ya lenzi katikati kabisa, doa dogo tu. Kivulini mboni ikiwa wazi mwanga unapita pembeni ya doa, mtu anaona. Juani mboni ikibana inabaki katikati peke yake na katikati ndo kuna doa, anafungwa kweli kama anavyosema. Tunaiona kwa wenye kisukari na kwa waliotumia dawa za steroidi muda mrefu. Mvalishe kofia pana, mpeleke apimwe, na kwa kisukari cha miaka mingi hata angekuwa anaona vizuri alitakiwa kuangaliwa retina kila mwaka.

Mleta uzi shikamoo, nimependa ulivyoeleza na nimejifunza, ila kuna mahali sikubaliani na wewe na nitasema wazi. Umeandika kana kwamba mama alikuwa na shida ya taa tu. Mtu wa miaka 71 anajikwaa kwenye kizingiti jioni, mimi jambo la kwanza linalonijia sio balbu, ni presha ya jicho. Ile haiumi, haigusi katikati mpaka mwishoni, ubao wa herufi anausoma wote huku pembeni na chini panazimika. Halafu ndo mtoto wa jicho. Watu watasoma uzi huu watanunua taa, mzee atafurahi miezi sita, na jicho linakufa polepole chini ya taa nzuri.

Na pia kapimwe maana yake apimwe mpaka ndani, atiwe matone ya kufungua mboni. Wengi wanakimbia kwasababu baada ya hapo masaa manne mpaka sita wanaona ukungu na jua linawachoma. Njooni na msindikizaji na kofia, msije na pikipiki.

#13 Mleta uzi

Marahaba dada, na umesema kweli, nilitakiwa kuliandika juu kabisa. Nimekosea kuliacha.

Mama nilimpeleka siku ya tatu, sehemu nyingine. Wakampima presha ya jicho, wakapima uwanja wa kuona wa pembeni, wakamtia matone wakaangalia ndani. Presha nzuri, mshipa wa fahamu wa nyuma ya jicho mzima, retina nzima. Kwenye lenzi kuna mtoto wa jicho anaanza, wa katikati, ule wa kuleta njano, bado hajafika kwenye kupasuliwa, arudi baada ya miezi sita. Niliona kwa macho yangu kitu kimoja siku ile. Alipofunguliwa mboni, mwanga ulikuwa tele chumbani, akaambiwa asome tena ule ubao na miwani yake ya mbali. Akaishia mistari mitatu juu ya pale alipofika mwanzo. Mwanga umeongezeka na kuona kumeshuka. Zile pembe za lenzi zilizokuwa zimezibwa zilifunguliwa zote.

Ndo nilipoelewa kwamba vitu vyote viwili vinamuhusu, dada. Taa bila kupima ni hatari kama ulivyosema. Na kupima mchana tu halafu kumwambia mzima, nako kumemwangusha.

#14 Mdau wa Iringa

Mzee wangu anasubiri operesheni ya mtoto wa jicho mwezi ujao, anatumia dawa za tezi dume. Kuna mtu alimwambia zinahusiana na mboni, tukaona ni uzushi.

#15 Muuguzi wa macho

Sio uzushi. Kuna dawa ya tezi dume inaitwa tamsulosini na ndugu zake, inalegeza misuli ya tezi na inalegeza pia ule msuli wa kuvuta mboni. Daktari akiwa ndani ya jicho mboni inaweza kubana ghafla na ile airisi, sehemu yenye rangi, ikapepea kama kitambaa. Akijua mapema anajiandaa na mambo yanaenda vizuri, asipojua anashtukia katikati ya kazi. Msiiache dawa wenyewe, hata mtu akiiacha wiki kadhaa athari inaweza kubaki. Nendeni na boksi la dawa mkononi mumuonyeshe kabla ya siku yenyewe.

#16 Mdau wa Iringa

Asante sana dada, kesho napiga simu.

#17 Mama wa cherehani

Kaka nimepima kwa tepu, ni 48. Nimerudi kwenye plasi 2 na shingo imetulia. Sasa niambie taa, niweke ya namna gani na wapi? Ya dukani iko juu ya dari, nikiinama kivuli cha kichwa changu kinaanguka kwenye kazi.

#18 Mleta uzi

Vizuri sana dada.

Hiyo ya dari iache iwaangazie wateja. Wewe nunua taa ya mezani yenye shingo inayopinda, balbu ya LED ya wati 7 mpaka 9, mwanga mweupe, sio ya manjano. Isogeze iwe kama nusu mita kutoka kwenye sindano. Umbali ndo kila kitu hapo, taa ikitoka mita 2 ukaileta nusu mita mwanga kwenye kazi unapanda mara 16 kwa balbu hiyo hiyo na umeme ule ule. Ije kutoka kushoto juu kidogo kama unatumia mkono wa kulia, na mdomo wake uelekee chini ili balbu yenyewe usiione ukiwa umekaa, maana ukiiona inakumwagia ile pazia ya dereva.

Kwa mama Korogwe tumefanya hivo hivo kwenye kiti chake. Kaka yangu ndo aliyekwenda kununua taa, na kizingiti akakipiga rangi nyeupe upana wa kiganja. Mchele tumehamisha kutoka sinia la aluminiamu kwenda la bluu, anachambua barazani kabla ya saa kumi na moja.

#19 Mama wa cherehani

La bluu kwa mchele, na mimi kitambaa cheusi niweke nini chini?

#20 Mleta uzi

Kadibodi nyeupe chini ya mguu wa mashine, igundishe na selotepu isihame. Uzi mweusi ukiutunga weka kipande cheupe nyuma ya tundu la sindano, kitambaa cheupe ndo uweke cheusi.